Jinsi ya kunasa RNA ndogo za Cordyceps militaris inapoanza kuzaa

Kuvu hii ya rangi ya chungwa huota porini juu ya pupa wa nondo, na maabara nyingi huiotesha kwenye mchele. RNA ndogo tunazozitafuta ni vipande vya nukleotidi (herufi za RNA) 20 na kitu. Kimeng'enya Dicer huvikata, protini Argonaute huvibeba, na mRNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) inayooana navyo hunyamazishwa. Swali letu ni hili: ni vipande vipi huongezeka au kupungua kuvu inapoacha kuwa nyuzi nyeupe tu na kuanza kuchomoza vijiti vya uzazi?

Hatua ya 1: mbegu. Kuna jinsi mbili, MAT1-1 na MAT1-2. Jinsi moja pekee inaweza kuchomoza vijiti vya kupendeza, lakini bila peritesia, yaani vile vichupa vinavyotengeneza spora. Vijiti hivyo ni tasa. Changanya zote mbili. Mbegu iliyohamishwa sahani hadi sahani mara nyingi iache, huwa imechoka.

Hatua ya 2: kuotesha na kuvuna. Weka mchele wa kahawia na maji ya virutubisho kwenye chupa, uchemshe kwa presha kwa 121°C. Usizidishe maji, utapata uji. Baada ya kupanda, acha gizani kwenye 20°C hivi hadi nyuzi zijae, kisha washa taa saa 12 kwa siku. Vuna nyuzi za gizani, nyuzi zilizogeuka chungwa, vinundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, na vijiti vilivyokomaa. Zile za chungwa wengi huziruka, nami naona ni kosa: bila hizo hutajua kama badiliko limeletwa na mwanga au na uzazi. Vuna saa ileile ya siku, gandisha papo hapo.

Hatua ya 3: kutoa RNA. Saga miligramu 100 ndani ya nitrojeni kimiminika, weka mililita 1 ya Trizol (kimiminika cha kuvunja seli na kutoa RNA), halafu klorofomu, ili RNA ibaki kwenye tabaka la maji la juu. Hapa ndipo nilipopoteza mavuno ya mwezi mzima. Nilipitisha maji hayo ya juu kwenye kichujio cha kawaida cha silika, kipimo kikasoma vizuri ajabu, kumbe vichujio hivyo hushika RNA ndefu na kumwaga zilizo chini ya nukleotidi 200. Siku hizi nagandamiza RNA kwa isopropanoli, yaani naifanya ijitenge na maji na kushuka chini kama punje, usiku kucha kwenye -20°C, nikiongeza glikojeni kidogo ili punje hiyo ionekane. Punje ikiwa kama ute wa bamia, hiyo ni sukari ya kuvu: rudia kugandamiza kwa isopropanoli na chumvi nyingi.

Hatua ya 4: jeli. Tenganisha RNA kwa urefu kwenye jeli ya akrilamidi 15% yenye urea. Kata eneo la nukleotidi 18 hadi 30, peleka kusomwa mfuatano wa herufi zake.

Hatua ya 5: kupepeta. Chora grafu ya urefu wa vipande vilivyosomwa kabla ya jambo lolote. Kilele karibu na 21 au 22, chenye herufi U nyingi mwanzoni mwa vipande, kinatia moyo. Mteremko laini usio na kilele ni makapi ya RNA ya ribosomu iliyooza, rudi hatua ya 3. Grafu ikiwa nzuri, linganisha vipande na jenomu (jumla ya DNA ya kuvu), na utafute sehemu ambayo RNA yake hujikunja kama pini ya nywele.

Hatua ya 6: kuthibitisha. Kipande kilichopanda kwenye vinundu bado ni mshukiwa tu. Futa sehemu yake kwenye jenomu, otesha, tazama kama vijiti vinakataa kutoka. Kisha kirudishe, maana hata mbegu iliyochoshwa na kazi yenyewe ya kufuta jeni hukataa kuzaa.