Jinsi ya kukaa samayika dakika 48 nyumbani, kwa sisi wa Tanga

Jamani wengi wananiuliza meditesheni ya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, inafanywaje, wanadhani ni kukaa kimya mpaka kichwa kiwe kitupu. Siyo hivo. Bibi yangu, sisi tulimwita Ba, alitufundisha kwamba binadamu anatafakari muda wote, cha kuangalia ni anatafakari nini. Ukilala macho kwenye dari unawaza kodi ya nyumba na mtu aliyekuacha, hiyo ni dhyana, yaani tafakuri, tayari, inaitwa arta, tafakuri ya machungu. Ukikaa unapanga utamkomoa vipi jirani alokudhulumu hiyo ni dhyana nayo, raudra, ya ukali. Hizi mbili zinakuja zenyewe. Nzuri ni dharma, tafakuri ya wema, na shukla, tafakuri safi kabisa, na shukla ni ya walofika mbali sana kama Mahavira, mwalimu mkuu wa Wajaini, ambaye kwa mapokeo ya Wajaini alikaa miaka 12 na nusu akifunga na kutafakari mpaka akapata ujuzi kamili akiwa amechuchumaa kama mtu anayekamua ng'ombe. Sisi tuanze na dharma, na mlango wake ni samayika.

Samayika ni kuusawazisha moyo, upate ukose uko vilevile. Muda wake dakika 48, wanaita muhurta, yaani ukiigawa siku na usiku wake mafungu 30 unapata hilo fungu moja. Zamani walipima kwa chupa ya mchanga, wewe weka alamu, zima data, simu iwe mbali.

Mimi napenda alfajiri kabla mtaa wetu wa Ngamiani haujachangamka. Jioni pia sawa ila kula mapema, Wajaini walioshika sana dini hawali jua likishazama. Oga, vaa nguo nyeupe safi. Kikalio cha asili ni cha sufu lakini kwa joto letu hili kunja shuka juu ya mkeka inatosha, elekea mashariki au kaskazini, na mashariki kwetu ndo baharini.

Sasa sikiliza hapa, watu wengi wanaruka. Kabla ya kukaa fagia taratibu, usitumie fagio la chelewa, tumia kitambaa laini, maana hatufagii vumbi tu, tunawahamisha sisimizi wasije wakafa chini yako. Na mbu je? Mbu wa Tanga mnawajua, na ukimpiga kofi mmoja katikati ya samayika nadhiri imeshavunjika, kutodhuru ndo roho ya dini nzima hii, kwa iyo mimi nakaa ndani ya chandarua na nakushauri ufanye hivohivo. Zima na jiko kabisa, sababu utaiona.

Kaa, unganisha viganja, soma Navkar, sala kuu ya Wajaini, mara 3. Haina jina la mtu hata moja, hata Mahavira hayumo, unawasujudia tu walioshinda nafsi zao, waliokombolewa, viongozi wa watawa, walimu, na watawa wote ulimwenguni, na huombi kitu chochote. Afu unachukua nadhiri, Karemi Bhante: kwa moyo, kwa ulimi na kwa mwili sitafanya dhara wala sitamtuma mtu alifanye mpaka muda wangu uishe. Hilo la kutuma ndo sababu ya jiko, maana maharage yakiungua huwezi tena kumwita mtoto akahangaike na moto kwa niaba yako.

Baada ya hapo kayotsarga, kuuacha mwili. Simama mikono ining'inie bila kugusa mapaja, au kaa kama miguu inauma, afu legeza kuanzia vidole vya miguu kwenda juu. Ukiwashwa, angalia tu huko kuwashwa, usijikune mara moja. Halafu tasbihi yenye shanga 108, kila shanga Navkar moja, ukishindwa zote soma chache lakini kwa utulivu.

Dakika zilizobaki ni za anupreksha, kuwaza jambo moja kwa kina, yako 12 na la kwanza ni anitya, kwamba hakuna kinachodumu. Mimi nawaza mkonge. Tanganyika iliongoza dunia kwa mkonge, mji wetu ukasimama juu yake, watu wakajenga na kuozesha mabinti wakijua itakuwa hivo siku zote, zikaja nyuzi za viwandani bei ikaanguka, ukikaa na hilo jambo dakika 10 tu hata hasira uliyoamka nayo unaiona na yenyewe inapita. Wazo lingine likiingia usiligombeze, waja leo waondoka leo.

Alamu ikilia usikurupuke. Ukitaka kuendelea chukua nadhiri upya, la sivyo soma Navkar ufunge kwa kuomba radhi kwa makosa 32: ya moyo 10 kama kiburi na kutaka sifa, ya ulimi 10, ya mwili 12 kama kuegemea ukuta, kuvunja vidole vilie na kusinzia. Na kama mle ndani ulimkumbuka mtu uliyemkosea, mtafute siku hiyohiyo umwambie michhami dukkadam, yaani ubaya wangu wote ufutike, unisamehe, hata awe yule jirani uliyekuwa unapanga kumkomoa.