Dawa inapobabua ngozi: la kufanya mgonjwa akiwa na maradhi mengine

Nawaandikia matabibu na wauguzi wenzangu wa zahanati za Pangani, Mkinga na Muheza, ambako mgonjwa hupita mikononi mwenu kabla ya kufika Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu wa Tanga. Wanaoniumiza roho zaidi ni wenye maradhi mawili matatu: kila kliniki inajua dawa zake, na hakuna anayezijua zote.

Hatua ya 1: Pumzi kwanza. Midomo ikivimba, kifua kikibana au presha ikishuka muda mfupi baada ya dawa, mchome adrenalini ya 1:1000, nusu mililita kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Rudia baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Ugonjwa wa moyo usikuzuie. Anayetumia propranololi au atenololi, dawa za presha na moyo, huenda adrenalini isimsaidie sana, kwa hiyo tafuta gari mapema.

Hatua ya 2: Soma ngozi. Aina ya kubabuka huja polepole, kwa kawaida siku 4 hadi 28 tangu dawa ianze. Homa, macho kuwasha na koo hutangulia, kisha ngozi huuma kabla ya malengelenge. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta mabaka ya zambarau au kijivu. Fungua mdomo, angalia macho, na kwa staha uulize sehemu za siri. Hapo ndipo wengi hudhani ni tetekuwanga. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili: ngozi iliyochunika chini ya asilimia 10 ni ugonjwa wa Stevens-Johnson, ikizidi 30 ni ile aina nzito zaidi ya ugonjwa huohuo (TEN), aliyoieleza daktari wa ngozi Lyell mwaka 1956.

Hatua ya 3: Dawa zote mezani. Hapa usiharakishe. Mzee mmoja aliletwa macho hayafunguki, ana presha na figo dhaifu. Daftari lilionyesha dawa za presha tu, za miaka mingi. Nikamuuliza mkewe, “Mama, tangu mwezi uliopita mzee kaanza dawa gani nyingine, hata ya dukani?” Akakumbuka vidonge vya goti. Ilikuwa alopurinoli ya jongo, wiki ya tatu, na figo dhaifu huchelewa kuitoa mwilini.

Uliza wiki 8 nzima nyuma. Kwa mwenye VVU, ambaye hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine, anza na Septrin (kotrimoksazoli, ya kukinga maambukizi) na nevirapini, mojawapo ya ARV. Mjamzito muulize pia SP ya malaria: huimeza palepale kliniki, kwa hiyo hutaikuta mfukoni mwake. Nayo ina salfa kama Septrin, na hazipaswi kutumika pamoja.

Hatua ya 4: Simamisha mshukiwa, leo. Usingoje uhakika. Lakini usisimamishe kila kitu kwa hofu: insulini iendelee. Mwenye kifafa aliyebabuka kwa kabamazepini usimhamishie fenitoini wala fenobabitali, zina udugu nayo. Weka diazepamu ya sindano karibu, kifafa kisije kikamshika. Mwenye TB, dawa zote zisimame, na kuzirudisha moja moja ni kazi ya hospitali. Ukishuku ARV, simamisha ARV zote na uwapigie CTC, kliniki yake ya VVU, siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Msafirishe. Shuka safi, maji ya kunywa au dripu, macho yasafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali. Malengelenge usipasue. Pima sukari. Usimwanzishie antibiotiki ya “kujikinga”. Utaongeza mshukiwa mwingine.

Hatua ya 6: Andika. Jaza fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ya kuripoti madhara ya dawa. Kisha andika jina halisi la dawa, tarehe na kilichotokea kwenye kadi ya kila kliniki anayohudhuria. “Ana aleji” peke yake haitoshi. Mpe na karatasi ya kuonyesha duka la dawa, na umsomee mwenzake wa nyumbani mpaka aweze kulitaja jina hilo bila kuangalia.