Jinsi ya kuunganisha fikra za uchumi za chama cha mrengo wa kati-kushoto

Ilani nyingi za mrengo huu husomeka kama orodha ya kwenda sokoni: elimu bure, matibabu bure, ajira, unafuu wa kodi kwa wawekezaji. Kila ahadi ni tamu peke yake. Ziweke meza moja uone zinavyogombana.

Kabla ya ahadi yoyote, jibuni swali moja: pengo la kipato litapunguzwa pale mishahara inapopangwa, au baadaye kwa kodi na ruzuku? Msikimbilie kusema "kote kuwili".

Kisha chora mnyororo: hatua hii inalisha ipi? Mwaka 1951, Gösta Rehn na Rudolf Meidner, wachumi wa LO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Sweden, walipendekeza kazi sawa ilipwe sawa bila kujali faida ya mwajiri. Tuseme kiwanda kimoja kina uwezo wa kulipa 120, kingine 80. Mshahara wa wote ukiwa 100, cha kwanza kinabakiwa na 20 za kujipanua. Cha pili kijirekebishe au kifunge. Waliokosa kazi wanalipiwa mafunzo na gharama za kuhamia penye ajira, huku serikali ikibana matumizi bei zisipande. Ondoa mafunzo, umewatupa watu barabarani. Legeza matumizi, mfumuko wa bei unameza nyongeza.

Ufa ulikuwepo: zile 20 ni za nani? Zilirundikana kwa wenye hisa. Meidner alipendekeza mifuko ya wafanyakazi ya kumiliki hisa; ikaja kupitishwa 1983 ikiwa imechujwa sana, na ikavunjwa baada ya uchaguzi wa 1991. Suala la umiliki liamuliwe mapema, si miongo kadhaa baadaye.

Pimeni pia kinachovuka mpaka wa nchi. François Mitterrand, rais wa Ufaransa, aliingia madarakani 1981, akapandisha kima cha chini cha mshahara na kutaifisha benki wakati nchi jirani zinabana matumizi. Wafaransa walinunua, ila bidhaa nyingi zilitoka nje. Faranga, sarafu ya Ufaransa wakati huo, ikashushwa thamani mara 3 kufikia Machi 1983, na sera ikageuzwa. Kwa hiyo kando ya kila ahadi andikeni itavuta bidhaa gani kutoka nje, na fedha za kigeni zitatoka wapi.

Mwisho, futeni ahadi moja moja. Ikifutwa na nyingine zisitikisike, hiyo ilikuwa ya kuombea kura tu.