Taa ya eabegi haizimi? Anza na usukani

Taa ya SRS (mfumo wa eabegi) ikiendelea kuwaka gari likiwa linanguruma, kompyuta imeona hitilafu, na gari likigonga siku hiyo huenda eabegi isifunguke. Mteja akikuomba utoe balbu tu, mkatalie.

Hatua ya 1. Soma kodi (namba ya hitilafu) kwa mashine inayoingia mpaka kwenye SRS. Nyingi za bei rahisi huishia kwenye injini. Tuchukue B1801 ya Toyota: saketi ya eabegi ya dereva imekatika. Kabla hujashika spana, piga honi. Ikigoma nayo, mshuku wa kwanza ni ule utepe wa nyaya uliojiviringisha nyuma ya usukani, maana honi na eabegi hupitia humo. (Kodi ikitaja eabegi ya pembeni au mkanda, chungulia kwanza soketi za njano chini ya kiti.)

Hatua ya 2. Zima swichi, chomoa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90. Kompyuta hutunza chaji ya kufyatua eabegi hata betri ikikatika kwenye ajali. Mimi husubiri dakika tano.

Hatua ya 3. Fungua eabegi, uibebe uso wake ukitazama mbali nawe, uilaze uso juu. Usiipime kwa multimita kamwe! Mkondo mdogo wa kupimia unaweza kuilipua mikononi mwako.

Hatua ya 4. Mahali pa eabegi chomeka rizista ya om 2, karibu sawa na ya kiwashio chake. Rudisha betri, futa kodi, soma upya. Kodi ikitoweka, ubovu uko kwenye eabegi au soketi yake. Ikibaki, kata betri, subiri tena, uhamishie rizista chini ya utepe: ikitoweka hapo, utepe umekatika, ikibaki, fuata waya hadi kwenye kompyuta. Ukipima nyaya, kumbuka soketi nyingi za njano zina kibati kinachounganisha nyaya mbili zikichomolewa, hivyo om sifuri si lazima iwe shoti.

Hatua ya 5. Kabla ya kufunga utepe mpya, magurudumu yanyooke. Uzungushe taratibu kinyume cha saa mpaka ukaze, kisha urudishe mizunguko miwili na nusu, alama zikutane. Usipouweka katikati, utakatika usukani ukikatwa hadi mwisho.

Rizista itoke kabla gari halijaondoka. Nimewahi kufungua usukani nikaikuta imefichwa ndani, taa imezima vizuri, na mwenye gari alikuwa akipakia watoto wake kila asubuhi.