Jinsi ya kupima ozoni Dodoma bila kusubiri stesheni kubwa ya kupima hewa

Ukisema hewa chafu Dodoma kila mtu anawaza vumbi, na vumbi lipo kweli, ila kuna ozoni, gesi ambayo huioni na wala haitoki kwenye bomba la gari, inajitengeneza yenyewe hewani pale gesi za naitrojeni za bodaboda, malori na majenereta zinapokutana na mvuke wa petroli, thina na moshi wa takataka, halafu jua likazichoma. Na jua huku tunalo. Inakereketa koo, inabana kifua, mwenye pumu ndo anaumia wa kwanza, kwahiyo nawaomba sana walimu wa sayansi na vijana mjaribu hii.

Chukua maji mililita 100, weka gramu 5 za wanga wa mahindi (ule mweupe laini wa kwenye pakiti, sio sembe wala dona), chemsha huku unakoroga mpaka uwe kama uji unaong'aa, epua, ndo utie gramu 1 ya potasiamu ayodaidi, inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara. Vaa glovu, na hiyo sufuria isirudi jikoni tena. Ikipoa paka kwenye karatasi za kuchujia kahawa pande zote mbili, kausha gizani, kata vipande, funga kwenye mfuko usiopitisha hewa.

Kutumia: lowanisha kipande kwa maji yaliyotoneshwa (distilled), ning'iniza kivulini sehemu inayopita upepo, masaa 8, mfano saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, maana ozoni inapanda mchana, kilele kinakuwa kama saa nane hadi saa kumi. Jua lisiipige moja kwa moja, itaharibu rangi. Ukiitoa lowanisha tena, uangalie zambarau imekolea kiasi gani, ikikolea zaidi ndo ozoni nyingi zaidi. Hewa yetu kiangazi ni kavu mno na ukavu unafanya rangi ipauke, kwahiyo linganisha karatasi za siku moja tu, usichukue ya Machi ukaipambanisha na ya Septemba.

Sasa sehemu ya kuweka, hapa ndo wengi wanakosea. Stesheni za pwani zinasumbuliwa na upepo wa bahari, mchana unasukuma uchafu bara, usiku unarudi baharini, kesho yake unaletwa tena. Sisi afadhali, upepo wetu mara nyingi unatoka mashariki na kusini mashariki, kwahiyo weka moja Ihumwa kabla upepo haujafika mjini, moja mjini kati karibu na barabara, moja Nala huko upepo unakoelekea. Usishangae ya barabarani ikiwa imepauka kuliko ya Nala, maana naitriki oksaidi inayotoka moja kwa moja kwenye eksozi inaila ozoni palepale, halafu ozoni inajijenga upya mbele ya safari. Mtu akipima barabarani tu atasema mji uko salama, na sio kweli.

Karatasi inakupa picha, haikupi namba. Ukitaka namba za naitrojeni dayoksaidi, ambayo ndo mama wa ozoni, agiza zile tyubu ndogo za plastiki zenye wavu uliopakwa dawa ya kunasa gesi. Zifunge kwenye nguzo mita 2 mpaka 4 juu, mdomo uangalie chini, uziache wiki 2 hadi 4, mbilimbili kila sehemu, na moja ibaki imefungwa muda wote ili maabara ijue kama kuna uchafu ulioingia njiani. Andika tarehe na saa ya kufungua na kufunga, bila hiyo maabara haiwezi kupiga hesabu.

Majibu yakija, kiwango cha WHO cha 2021 kwa gesi hiyo ni mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka, kwahiyo tyubu za mwezi mmoja hazitoshi kusema mmevuka, rudieni kiangazi na masika. Ozoni yenyewe ni mikrogramu 100 kwa masaa 8, hiyo inataka mashine.