Namna ya kusoma data za DSCOVR kabla dhoruba ya sumaku haijafika duniani

DSCOVR, setilaiti ya Marekani ya kupima upepo wa jua iliyorushwa Februari 11, 2015, huzunguka karibu na nukta L1, mahali ambapo mvuto wa Jua na wa Dunia huiwezesha kubaki kati yao, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea Jua. Upepo wa jua, yaani chembe zenye chaji zinazotoka Juani, huipitia kwanza, ndipo utufikie. NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, hutoa bure grafu za upepo huo.

Kabla ya kusoma chochote, tazama grafu imetoka setilaiti gani. DSCOVR ilisimama kazi kuanzia Juni 2019 hadi Machi 2020, kisha ikasimama tena Julai 2025, na ACE, setilaiti nyingine ya mwaka 1997, ikashika zamu. Saa zote ni za UTC.

Anza na Bz, sehemu ya kaskazini-kusini ya uga sumaku wa upepo, inayopimwa kwa nanotesla (nT). Wengi hukimbilia kasi, na hapo ndipo wanapopotea. Bz ikiwa chanya, uga sumaku wa upepo umeelekea kaskazini na Dunia hubaki imekingwa vizuri hata upepo ukienda mbio. Ikiwa hasi, mistari yake huungana na ya Dunia na nishati hupenya. Bz ya -10 nT kwa saa tatu mfululizo ni ya kuchukuliwa kwa uzito. Kwa dakika tano, haina uzito. Hakikisha vipimo ni vya mfumo wa mielekeo uitwao GSM, unaofuata mhimili wa sumaku ya Dunia, si GSE, unaofuata bapa la obiti ya Dunia.

Linganisha na Bt, nguvu ya uga mzima, kwani Bz haiwezi kuizidi. Siku tulivu Bt huwa kama 5 nT. Ikipanda hadi 25 huku Bz ikiwa chanya, usiondoke: mwelekeo unaweza kugeuka wakati wowote.

Sasa kasi. Gawanya 1,500,000 kwa kasi, kisha kwa 60, upate dakika zilizobaki upepo uifikie Dunia. Kwa 400 km/s una dakika 62 hivi; kwa 800, dakika 31 tu.

Kasi, msongamano, joto na Bt vikiruka kwa pamoja, wimbi la mshtuko limepita. Msongamano ukianguka peke yake ghafla, shuku kifaa kwanza, ulinganishe na setilaiti ya pili. Tofauti ya dakika chache ni ya kawaida, kwa kuwa hazikai mahali pamoja. Wakati wa dhoruba ya protoni, yaani Jua linapomwaga protoni zenye nishati kubwa, vipimo vya ACE vya plazima (kasi, msongamano na joto) huweza kupotoka. Hapo tegemea zaidi vipimo vya sumaku, Bz na Bt.

Picha za Dunia za EPIC, kamera iliyo kwenye DSCOVR, zina faida kubwa kwa wanaochunguza ozoni, vumbi na mawingu, ila hazitabiri dhoruba.

Usingoje Kp, kipimo cha misukosuko ya sumaku ya Dunia cha 0 hadi 9, ifike 5, kiwango cha G1 (dhoruba ndogo), ndipo uwaonye watumiaji wa redio za mawimbi mafupi: Kp hujumlisha saa tatu, na Bz huwa imeshaonyesha mapema.