Ukitaka kutafiti pumu, anzia kwenye benchi

Wanafunzi wa utafiti hunijia kliniki ya kifua na dodoso limeshachapwa, wanachotaka kwangu ni kuitiwa wagonjwa tu. Mimi muuguzi nawaambia: wanangu, wekeni hilo dodoso mkobani kwanza.

Uingereza, mwaka 2007, James Lind Alliance, shirika la kupanga vipaumbele vya utafiti, iliwakutanisha wagonjwa wa pumu, walezi na madaktari wapange maswali kumi ya kutafitiwa. Lililoshika namba moja lilihusu madhara ya kutumia dawa zile zile kwa miaka mingi. Hapa kwetu utalisikia hivi: "Nesi, hii inhela haitanizoesha?"

Basi kaa na wagonjwa kwenye benchi kabla hawajaingia kwa daktari, maana huko ndani kila mtu "anaendelea vizuri". Uliza: usiku ulipobanwa, ulitamani kujua nini? Muulize na anayemkesha. Andika maneno yao kama yalivyo. Mama akisema, "Moshi wa kuni unanimaliza, ila nikiuacha nitapikia nini?" usimwandikie "athari za uchafuzi wa hewa". Moshi anaujua, anauliza cha kupikia.

Kisha yachambue maswali yao, na hapa usiwe na haraka. Mengi yana majibu tayari. Je, chupa ya maji inaweza kushika nafasi ya spesa, ile chemba ya kuvutia dawa ya inhela? Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya nusu lita, iliyotobolewa kitako na inhela ikazibwa pembeni isivuje, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na spesa ya dukani. Inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua haraka, peke yake inatosha? Mwongozo wa 2019 wa GINA, mpango wa kimataifa wa pumu, ulisema haitoshi kwa watu wazima na vijana. Inahitajika na dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Maswali haya yanataka mwalimu na dawa dirishani. Rundo hili ndilo huwa kubwa, na ndilo linaloniudhi.

Yaliyobaki yapigiwe kura. Weka kikombe kwa kila swali, mpe kila mtu maharage matatu, na asiyesoma asomewe. Wagonjwa watangulie, maana daktari akidondosha lake kabla yao, wote watamfuata. Baada ya hapo ndipo mjadiliane, mchanganyike meza moja.

Nauli ilipwe siku hiyo hiyo, taslimu. Na orodha irudi kliniki ibandikwe ukutani kabla haijapanda chuoni.